Likiwa na Moto, Haondoki Mtu

Mimi nimestaafu, lakini pua yangu haijastaafu. Mnakuja jioni na shikamoo zenu, huyu ametafuna majani ya mpera, yule amejipaka mafuta ya nywele mpaka shingoni, mnadhani mzee hajui. Marahaba, marahaba. Kati yenu yupo mmoja anayevuta sigara nyuma ya banda la kuku. Simtaji jina. Yeye anajijua, na tangu mwezi huu uandame sijamsikia akicheka.

Kaeni. Leo sifoki. Nikifoka mtasikia sauti yangu tu, na sauti yangu mmeshaizoea. Leo nawapa habari za kazi yangu, na habari za kijana mmoja aliyeitwa Masanja.

Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, pale ufukweni Mwanza. Sisi wenyewe tulikiita jineri. Niliingia sina ndevu, nikatoka ndevu nyeupe. Malori yalileta pamba kutoka Misungwi na kwingineko, mashine zinatenga mbegu na nyuzi, kisha presi inazikandamiza nyuzi mpaka zinakuwa robota gumu, linafungwa kwa mikanda ya chuma. Robota likikuangukia mguuni, huo mguu usahau.

Sasa, moto wa pamba si kama moto wa nyasi. Wa nyasi unauona, unakimbia. Kwenye pamba, kijiwe kidogo kinaingia mashineni kinatoa cheche, au mpumbavu mmoja anatupa kipisi cha sigara, na ile cheche inakwenda na nyuzi mpaka kwenye presi. Inabanwa katikati ya robota. Haiwaki. Inakula ndani kwa ndani, polepole, na nje robota ni jeupe, zuri, hata mtoto unaweza kumlaza juu yake. Siku kadhaa zinapita. Robota liko melini au ndani ya behewa, ndipo linafumuka, na hapo hakuna wa kulizuia.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuyapima marobota kwa mkono na pua kabla hayajatoka. Unaweka kiganja, siyo ncha za vidole, maana ncha zina sugu, zinadanganya. Unafumba macho. Unasogeza pua pale kwenye mkanda wa chuma, kwenye mwanya, ndipo pamba inapopumulia. Likiwa zima unapaza sauti, "Baridi!" Wachukuzi wanalibeba, unahamia jingine. Mdomo unafunikwa kitambaa kwa sababu ya vumbi, lakini pua unaiacha wazi, kwa hiyo mafua hayakutuishia mwaka mzima.

Aliyenifundisha alikuwa mnyapara wetu, Mzee Kulwa, Msukuma wa Misungwi, mrefu, mkavu, mkali kama nini. Jina langu Ramadhani lilimshinda, akaniita Lamazani mpaka mwisho. Wiki zangu za mwanzo nilinusa moto nikapiga mayowe, nikakimbia ghala zima. Marobota yakatolewa juani, watu jasho linawatoka, wananitazama kama mkombozi wao. Mzee Kulwa akanusa huku na huku, akamwendea mchukuzi mmoja, akaingiza mkono ndani ya shati lake, akatoa kiazi cha kuchoma kingali cha moto. Akaniambia, "Lamazani, pua yako ina njaa. Kesho ule kwanza ndiyo uje kazini." Jina la Kiazi likanikaa msimu mzima.

Yeye ndiye aliyenionyesha la kufanya unapokutana na robota lenye moto kweli. Kwanza hupigi kelele. Halafu hulimwagii maji juu ukaenda zako, kwa sababu maji yanaishia kwenye ngozi, ndani hayafiki. Wala hulifungui kwa pupa. Ukilifungua kwa pupa upepo unaingia, linakuripukia usoni. Unalitoa nje taratibu, pasipo na upepo. Unakata mkanda mmoja, unasubiri. Unabandua tabaka moja, unasubiri. Kazi ya kutwa nzima hiyo, na wewe umekaa hapo hapo. Mzee Kulwa alikuwa akisema, "Likiwa na moto, haondoki mtu." Njaa ikuume, mvua inyeshe, haondoki mtu.

Kwa hiyo mnaweza kukisia sigara tuliiogopa vipi mle ndani. Langoni tulipekuliwa wote, asubuhi na baada ya chakula. Na watu kwa ujanja! Mmoja alificha sigara ndani ya katambuga, zile ndala za matairi. Mwingine alikuja amefunga kidole cha mguu kwa bendeji, anachechemea, tukamwonea huruma siku nyingi, kumbe ndani ya bendeji mna njiti za kiberiti. Fundi mkuu alikuwa Singasinga, dini yake haimruhusu tumbaku kabisa, akawa anatushangaa: "Nyinyi watu gani, moshi nakula kila siku, iko shiba lini?" Tukacheka mpaka machozi.

Lakini sikilizeni. Tumbaku tuliijua kwa upande mmoja tu, kwamba ina moto. Mtu akivuta nje ya lango, hayo yake. Akivuta ndani, anafukuzwa. Na yule aliyeshindwa kabisa kukaa bila kuvuta, wazee walikuwa na dawa yao, wanampa ugoro. Ugoro ni tumbaku ile ile iliyosagwa, unanusa au unabana chini ya mdomo, hauwashi njiti. Pamba imesalimika, kila mtu ameridhika. Moshi ukishaingia kifuani mwa mtoto wa watu unakwenda kufanya nini huko, hakuna aliyeuliza. Hata mimi na pua yangu yote hii.

Masanja alikuwa mtoto wa mwisho wa Mzee Kulwa. Alikuwa na miaka kumi na sita hivi, mimi nimemzidi kidogo. Alikuwa amesoma middle school, shule ya kati ya wakati ule, na kichwa anacho, lakini enzi zile nafasi za kuendelea zilikuwa chache mno, wakachujwa wengi naye akachujwa. Baba yake akamleta jineri kukusanya mbegu. Mwanzoni alikuwa raha yetu. Saa ya chakula alitusomea gazeti kwa sauti, habari za mikutano, habari za madai ya Uhuru, na akifika penye maneno ya wakubwa anawaiga wanavyokohoa. Wachukuzi waliacha ugali upoe kwa ajili ya kumsikiliza.

Sigara alianza kule kule shuleni, na vijana waliomzidi umri. Na hapa mjini nani angemkataza? Kila kijana aliyetaka kuonekana mtu wa enzi mpya alikuwa nayo mdomoni. Gari la matangazo lilipita na muziki, jamaa yuko juu yake anarusha sigara za bure, watoto wanagombania kama karanga. Duka lilimuuzia yeyote, moja moja, hata aliyetumwa chumvi.

Siku moja baada ya kazi tulikaa kwenye mawe pale ziwani, tunaosha vumbi. Akawasha. Hajamaliza, akawasha nyingine kwa ile ile.

Nikamwambia, "We Masanja, unavuta utadhani unafukuzwa."

"Nafukuzwa kweli."

"Na nani?"

"Sijui, Rama. Naamka asubuhi moyo unakwenda mbio na sijafanya kitu. Nikivuta moja unatulia. Sijafika langoni, unaanza tena, na unakwenda kuliko mwanzo."

"Si uache?"

"Nikiacha ndiyo balaa. Juzi niliacha kutwa. Mama akaangusha kijiko, nikalia. Kwa sababu ya kijiko!"

Nikacheka. Mwanamume analizwa na kijiko, utaacha kucheka? Naye akacheka kunifuatisha, akatupa kipisi majini, tukaenda zetu. Enzi zile mtu alikuwa mzima au alikuwa mwendawazimu, katikati hapakuwa na kitu. Mtu anayefika kazini, anayejibu salamu, huyo mzima.

Nimemsimulia hayo mjukuu wangu Zainabu, huyu muuguzi. Hakucheka. Aliniambia, babu, wasiwasi na huzuni vinampeleka kijana kwenye sigara, na sigara nayo inavikoleza, hasa kwa mtoto ambaye akili yake bado inakua. Ule utulivu alioupata Masanja ni kiu ya sigara imekatwa kwa muda. Kiu inarudi, yeye anadhani dunia ndiyo imeharibika, anawasha nyingine. Nikamuuliza, sasa kwa Masanja kilitangulia kipi? Akasema pengine hata Masanja mwenyewe asingejua. Wapo wanaovuta na hawaugui hivyo, wapo wanaougua na hawajagusa sigara, lakini ukiviona vyote viwili kwa mtoto mmoja, usishike kimoja ukaacha kingine. Basi sisi tulishika kimoja.

Masanja alikamatwa amewasha sigara kwenye banda la mbegu. Mtoto wa mnyapara! Baba yake alipata aibu mbele ya watu wote. Hakumpiga. Ingekuwa mwingine angefukuzwa saa ile ile, lakini fundi mkuu alimheshimu sana mzee, akamwachia amalize mwenyewe. Mzee Kulwa akatoa kikopo chake cha ugoro, akamshikisha mwanawe mkononi. "Kuanzia leo utatumia hiki. Sigara nisiione tena." Na kila asubuhi langoni akawa anampekua yeye mwenyewe kwa mikono yake, kofia, mifuko, ndala, mpaka kwenye nywele. Hakukuta kitu. Alikuwa anatuambia kwa furaha, "Mwanangu nimemponya." Tukampongeza. Wallahi tulimpongeza.

Na Masanja akawa anazidi kuharibika mbele ya macho yetu. Gazeti aliacha kusoma. Ukimpa analigeuza geuza, anakurudishia, anasema herufi zinamchosha. Ugoro ukawa hautoki mdomoni, na jioni nje ya lango sigara juu yake. Chakula anakizungusha tu sahanini. Usingizi hana, macho mekundu, mikono inatetemeka mpaka anamwaga mbegu. Mara mkali, anataka kupigana na mchukuzi mara mbili yake, mara anakaa nyuma ya presi kimya, ukimwita anashtuka kama umemchoma. Alikuwa msafi, akaacha kuoga. Aliniambia mashine zinamsema. Nikamuuliza zinasema nini, akajibu, "Zinasema hufai."

Watu wakawa na maneno yao. Huyu amerogwa. Huyu mvivu, shule ilimdekeza. Wazazi wakamvusha ziwa mpaka Kamanga kwa mganga, akarudi na chale kifuani na kikopo chake cha ugoro mfukoni. Mzee Kulwa hakuelewa kabisa. Sigara si nimemwachisha? Sasa nini tena? Swali hilo aliniuliza mimi.

Ikaja siku ya Uhuru. Jineri ilifungwa, Mwanza nzima iko nje. Ngoma kila kona, mashindano ya mitumbwi, watoto na bendera, watu wasiojuana wanakumbatiana. Mchana Mzee Kulwa akanishika bega katikati ya shamrashamra. "Lamazani, twende tukapime. Robota halijui sikukuu." Nikanuna, lakini nikaenda. Mlinzi akatufungulia lango huku shingo ameielekeza kwenye ngoma, hata mtu angepenya nyuma yake asingemwona.

Tulipofungua mlango wa ghala, sote wawili tukasimama. Sigara. Safari hii hapakuwa na kiazi.

Masanja alikuwa amekaa chini katikati ya safu mbili za marobota, magoti kifuani. Sigara inawaka vidoleni, haivuti, majivu yamerefuka yanataka kudondoka. Kiberiti kiko miguuni. Marobota ya msimu mzima yalikuwa mle ndani, yamefika darini. Nikafungua mdomo nipige ukelele, Mzee Kulwa akaniziba kwa mkono. Akanong'ona, "Rudishia mlango. Upepo."

Nikaurudishia. Yeye akaenda taratibu, akakaa chini karibu na mwanawe. Akatemea mate kiganjani, akaitoa ile sigara vidoleni mwa mtoto, akaizimia kwenye kiganja chake mwenyewe. Nilisikia ikilia. Yeye hakulia.

Masanja akasema, "Baba, sikuja kuchoma pamba."

"Najua."

"Nilitafuta mahali pasipo na kelele. Huko nje wote wanafurahi. Na mimi nataka kufurahi, baba. Natafuta, sioni. Nadhani mimi nimeharibika."

Mzee Kulwa akamwekea kiganja mgongoni, kile kile alichozimia sigara, katikati ya mabega, akafumba macho. Mimi nimesimama mlangoni sijui niende wapi. Nilimwona akipima marobota ya pamba miaka yote, hakuwahi kukawia namna ile.

"Mwanangu, unaungua," akasema. "Tangu lini?"

"Tangu shule."

Hapo ndipo nilipomwona Mzee Kulwa analia. Machozi yanaingia kwenye ndevu, hayafuti. "Nilikupekua mifuko," akasema. "Kila siku nilikupekua mifuko!" Alirudia maneno hayo mpaka mimi nikageuka ukutani.

Kisha akaendelea kukaa naye. Hakumwambia jikaze. Hakumwambia ona wenzako. Akauliza neno moja, akasubiri. Masanja anasema kidogo, ananyamaza, mzee anasubiri. Ngoma za nje zinapanda na kushuka, mitumbwi imeshindana imemaliza, sisi tupo mle. Mengine aliyoyasema sitawaambia, ni yake na baba yake. Jua lilipoanza kushuka wakatoka wameshikana mikono, mtu mzima na kijana, wakapita katikati ya watu wanaocheza. Sherehe ile mimi sikuiona, na bendera yetu niliikuta imeshapanda.

Ningependa kuwaambia akapona. Hakupona hivyo. Alichelewa mno kusikilizwa. Alipelekwa kwa treni hospitali ya wagonjwa wa akili, mbali, akakaa sana, akarudi amenenepa uso na ulimi mzito. Mzee Kulwa akaacha kazi. Wakubwa wa jineri walimbembeleza, maana mkono kama ule haupatikani, yeye akasema tu, "Nina mgonjwa nyumbani." Akahamia Misungwi na familia yake, na kupima marobota nikaachiwa mimi.

Nilikuwa nawatembelea. Masanja alikuwa na vipindi vizuri. Analima, anawasomea majirani gazeti, mara mojamoja anaiga mtu tukacheka. Na vipindi vibaya, anajifungia, anatetemeka, anaomba sigara kwa kulia kama mtoto. Aliiacha akairudia, akaiacha tena akairudia. Hakuoa. Nywele zikaingia mvi yuko pale pale kwa wazazi, na kikohozi juu.

Safari yangu ya mwisho nilimkuta Mzee Kulwa amezeeka sana, anaona kwa taabu. Masanja amekaa kwenye mkeka ametupa mgongo ukutani, hajaitikia salamu yangu. Siku mbaya. Mzee akanivuta karibu. "Lamazani, mikono yangu imekufa ganzi. Kila siku nampima, lakini sasa sisikii tena. Hebu nipimie."

Mzee anasema, utakataa? Nikamsogeza Masanja taratibu, nikamwekea kiganja mgongoni, nikafumba macho. Moyo wake ulikuwa unapiga mbio, maskini, unapiga kama wa mtu aliyekimbia kutoka Mwanza mpaka pale. Umri wote ule, bado anafukuzwa.

"Je?" mzee akauliza.

"Ana moto, mzee."

"Basi kaa."

Nilikuwa nimepanga kurudi kwa basi la alasiri. Nililisikia likipiga honi barabarani, likaenda. Nikakaa. Jioni Masanja akaniegemea begani, akasema, "Rama, kijiko." Neno hilo moja tu. Nami nikamwambia, "Nakumbuka, ndugu yangu. Nisamehe kicheko." Baada ya mavuno nikaletewa habari kwamba amefariki, kifua. Waliokuwepo walisema baba yake alikuwa amekaa naye, mkono uko mgongoni, na watu walipokuja kumchukua marehemu ilibidi wamwombe mzee sana ndipo auondoe.

Haya, giza linaingia, mama zenu wanawangoja. Nendeni. Ila wewe unayejijua, wewe wa nyuma ya banda la kuku, baki. Sitakupekua, hiyo sigara kaa nayo mfukoni kwako. Geuza kiti chako, unipe mgongo. Usiseme kitu kama hutaki. Basi haliniiti leo, nami siendi popote.